Una Pingamizi?

Katika mahakama zetu za wilaya kuna swali linaloulizwa kila siku, kwa sauti ya kawaida kabisa, na jibu lake limewafikisha wengi gerezani. Swali lenyewe ni maneno mawili: una pingamizi?

Huja hivi. Askari yuko kwenye kizimba cha mashahidi, ameshika karatasi. Anasema haya ni maelezo ya onyo, aliyaandika yeye mwenyewe siku mshtakiwa alipokamatwa, na mshtakiwa akaweka dole gumba. Mwendesha mashtaka anaomba yapokelewe kuwa kielelezo. Hakimu anamgeukia mshtakiwa, kijana wa bodaboda asiye na wakili, anamuuliza: una pingamizi? Kijana haelewi anaulizwa nini. Pengine anadhani anaulizwa kama dole lile ni lake. Anajibu, sina mheshimiwa. Karatasi imeshaingia. Inasomwa mbele yake, na huenda hapo ndipo anaposikia kwa mara ya kwanza kwamba alikiri.

Zamu yake ya kujitetea ikifika, atasema alipigwa. Ataambiwa amechelewa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imerudia mara nyingi kwamba anayedai hakutoa maelezo kwa hiari apinge kabla hayajapokelewa. Akisubiri utetezi, maneno yake huhesabiwa yamebuniwa baadaye.

Sisemi sheria haina kinga. Inazo, tena nzuri. Sheria ya Ushahidi inakubali ungamo lililotolewa mbele ya polisi mwenye cheo cha koplo au zaidi, ila liwe la hiari, na mzigo wa kuithibitisha hiyo hiari umebebeshwa upande wa mashtaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu awe chini ya ulinzi, na zikiongezwa ziongezwe kwa utaratibu. Aonywe kwamba halazimiki kusema neno. Anayo haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kuna maelezo mengi ambayo Mahakama ya Rufani imeyaondoa kwenye ushahidi kwa sababu tu yaliandikwa nje ya muda huo.

Lakini kinga hizi zote zinasubiri mtu aseme, napinga. Akisema, mambo hubadilika. Mahakama Kuu husimamisha kesi kubwa na kufungua kesi ndogo ndani yake, yenye swali moja tu: maelezo haya yalitolewa kwa hiari? Mahakama za chini nazo hufanya uchunguzi wao. Wengi wetu neno hili la kesi ndogo tulilizoea mwaka 2021, katika kesi ya mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe na wenzake watatu, mawakili walipoyapinga maelezo ya onyo ya mmoja wa washtakiwa. Mashahidi waliitwa, ikabishaniwa alishikiliwa kituo gani, akahojiwa saa ngapi. Mwishowe jaji aliyapokea. Hata hivyo yalipita kwenye chekeche kwanza, mbele ya macho ya watu. Mimi namtakia kijana wa bodaboda chekeche hilohilo.

Nayasema haya nikijua kwamba ungamo ni ushahidi mzito kuliko karibu wowote mwingine. Ni nani ajisingizie kuua? Hivyo ndivyo tunavyofikiri sote, na mahakimu ni watu kama sisi. Ndiyo maana mwaka 1967, katika kesi ya Tuwamoi iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitahadharisha: ungamo ambalo mshtakiwa amelikana lipokelewe kwa uangalifu mkubwa, na kwa kawaida mahakama itafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, isipokuwa ikiridhika kabisa kwamba ni la kweli.

Wenzetu wa Kenya wamekaza zaidi. Kwao ungamo litolewe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, asiyepungua cheo cha inspekta, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Mtu huyo wa tatu ndiye ninayemwonea wivu. Mama, kaka, jirani, yeyote atakayeweza kusema baadaye, nilikuwepo. Huku kwetu mtuhumiwa anaweza kupelekwa kwa mlinzi wa amani, ofisa wa mahakama ambaye humkagua mwili kama una majeraha kabla ya kuandika ungamo lake. Jambo jema, lakini halifuti karatasi iliyokwisha andikwa kituoni.

Naomba Bunge lichukue hatua kama ya Kenya. Na mahakimu wetu, ambao siku hizi sheria imewapa Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wakitumie hapa. Badala ya una pingamizi, wamwulize kijana: askari anasema haya uliyasema wewe kwa hiari yako, bila kupigwa, kutishwa wala kuahidiwa kitu, ni kweli?

Na wewe mzazi unayenisikiliza, mwanao akikamatwa, mfikishie haya kabla ya siku ya kesi. Kama hakuyasema, aseme hakuyasema. Kama alipigwa, aseme alipigwa, na wapi. Aseme hivyo wakati askari bado ameishika ile karatasi mkononi.