Usukani wa Kombora na Dhamiri ya Mwanadamu



Mara nyingi twasikia ikisemwa kwamba silaha za kisasa hazikosi shabaha, na kwamba kwa hiyo vita vimepungua ukatili. Usemi huo twapaswa kuupima, nasi hatuwezi kuupima pasipo kufahamu jinsi silaha hizo zinavyoongozwa.

Tuanze na kombora la V-2, ambalo Ujerumani ilianza kuirushia London tarehe 8 Septemba 1944. Ndani yake mlikuwa na jairoskopu, yaani magurudumu yazungukayo kwa kasi kubwa. Kama vile pia ya mtoto inavyosimama wima maadamu yazunguka, ndivyo gurudumu hilo linavyoshika mwelekeo wake. Kombora lilipopotoka, chombo kilitambua tofauti, na vibao vya grafiti vilivyowekwa katika mkondo wa moto wa injini vikalirudisha njiani. Baada ya dakika moja hivi injini ilizimwa. Tangu hapo kombora lilikwenda kama jiwe lililokwisha kutupwa, na kosa dogo la mwanzo likawa kosa la kilometa nyingi. Silaha ya namna hiyo yaweza kulenga mji, wala si nyumba. Tarehe 16 Desemba 1944 kombora moja liliangukia sinema ya Rex mjini Antwerp, Ubelgiji, likaua watu 567, askari na raia pamoja.

Pengine mtu atasema kwamba ubaya ulikuwa katika usukani hafifu. Basi tutazame Baghdad, tarehe 13 Februari 1991, katika Vita vya Ghuba. Siku hiyo Marekani iliangusha mabomu mawili yaliyoongozwa kwa leza. Mwanga humulikwa juu ya shabaha, bomu huuona ukiakisiwa, na mapezi yake hugeuka kuufuata. Mabomu hayo hayakukosea. Yalitoboa paa la handaki la Amiriyah, ambalo Marekani ilidai kuwa ni kituo cha kuongozea majeshi. Ndani yake walikuwamo raia waliotafuta usalama; zaidi ya 400 walikufa, wengi wao wanawake na watoto.

Chombo cha kwanza hakikuweza kuichagua nyumba. Cha pili kiliweza, lakini hakikuweza kujua ni nani amelala ndani yake. Ujuzi huo hautoki katika usukani, bali kwa mwanadamu atoaye amri.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani maangamizi ya miji mizima pamoja na wakazi wake. Nasi tusidhani kwamba silaha iliyonyoka imeliondoa swali hilo. Tutakapoambiwa kuwa kombora limefika mahali lilipotumwa, tuulize: nani alipachagua mahali hapo, kwa habari zipi, na ni nani waliokuwamo?