Mbayuwayu Wakirudi, Tuwahesabu
(Mazungumzo na wanakisomo wa Chamazi, Dar es Salaam)



Leo hatusemi habari za mbolea wala choo bora. Tunasema habari za ndege. Wengine mnacheka. Haya, chekeni, halafu sikilizeni.

Mbayuwayu mnawajua. Mgongo mweusi wenye buluu, koo jekundu kama kutu, mkia wa panda. Jioni hujipanga kwenye waya za umeme, huku Chamazi na kule Bunju, kama shanga. Lakini mwezi wa Juni ukiwatafuta huwaoni. Wamekwenda wapi?

Zamani hata wasomi wa Ulaya hawakujua. Wapo walioandika kwamba mbayuwayu hulala ndani ya matope ya ziwa mpaka baridi iishe! Mwaka 1822, huko Ujerumani, alionekana korongo mwenye mkuki shingoni, naye yu hai. Mkuki wenyewe ulikuwa wa Afrika. Ukawa kama barua. Kisha mwaka 1911 wakili mmoja wa Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete ndogo yenye namba mguuni. Desemba 1912 ndege yule alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Hiyo ni safari ya kilomita kama 10,000.

Basi hawa wanazaa Ulaya na Asia. Baridi ikianza kule, wadudu wanakwisha, nao wanatujia. Hufika Septemba na Oktoba, huondoka kufikia Aprili. Ndiyo maana wazee huwaunganisha na mvua za vuli. Kumbikumbi wakitoka, mbayuwayu wana karamu.

Mambo haya yamejulikana kwa sababu watu waliandika. Hapa Tanzania, tangu miaka ya 1980, watu wa kujitolea wamepeleka orodha za ndege waliowaona, mahali na mwezi, kwa ajili ya Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Nanyi kuandika mnajua.

Andikeni hivi: "5 Oktoba, Chamazi, saa 12 jioni, waya wa barabarani, mbayuwayu 17." Msiandike "wengi sana". Wengi wa huyu ni 10, wa yule ni 200. Na siku usipowaona, andika "sikuona". Watu hawapendi kuandika hivyo, wanaona ni kazi bure. Lakini bila hilo tutajuaje kama ndege alifika siku ile, au ndiyo siku uliyokumbuka kutazama juu?

Angalieni pia yule mwembamba wa kwenye minazi, anayebandika mayai yake kwenye kuti kwa mate. Huyo ni mwenyeji, yupo mwaka mzima, wala hatui kwenye waya. Msimtie katika hesabu.

Mama mmoja ametuuliza, "Tutapata nini?" Pesa hakuna, tuseme kweli. Lakini kule Uingereza ndege mmoja anayefanana na mbayuwayu, anayezaa kwenye mapaa, amepungua zaidi ya nusu tangu 1995. Walijua kwa hesabu za watu wa kujitolea. Naye pia huja Afrika. Je, shida iko kwao au kwetu? Huku Temeke mashamba mengi yamekuwa nyumba, tunaona kwa macho. Madaftari ya Waingereza peke yao hayawezi kutujibu.

Tuanze 1 Septemba. Kila mtu achague waya wake mmoja, Jumamosi jioni, robo saa. Chukueni kalamu ya risasi. Ya wino mvua ya vuli itaifuta.