Paka Mzee Anapolia Usiku: Tumtafutie Tiba, Tusimtafute Mchawi

Mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa Kata ya Igawa, Wilaya ya Mbarali. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya paka mzee anayelia usiku kucha. Naona wapo wanaotabasamu, nao wana haki. Huenda wanajiuliza kwa nini Halmashauri ishughulike na kilio cha paka ilhali kuna mifereji ya umwagiliaji, barabara na zahanati za kuzungumzia. Sababu ziko tatu. Kwanza, paka huyo mara nyingi ni mgonjwa, na huduma za afya ya wanyama ni miongoni mwa huduma tunazowajibika kuwapatia. Pili, mlio uliobadilika waweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa, ugonjwa unaomwua binadamu. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, wapo miongoni mwetu wanaousikia mlio huo na kuutafsiri kuwa ni uchawi. Na tafsiri hiyo haimwangukii paka peke yake, bali humwangukia pia mzee anayeishi naye.

Ndugu wananchi, sisi ni watu wa mpunga. Penye mpunga pana ghala, na penye ghala pana panya. Ndiyo maana paka ni mfanyakazi katika nyumba nyingi za hapa Igawa na katika bonde zima la Usangu. Wahenga walisema, paka akiondoka, panya hutawala. Lakini mfanyakazi huyu naye huzeeka. Akishafikisha miaka kumi hivi, ameingia uzeeni. Paka anayelishwa na kutunzwa vema aweza kufika miaka 15 na hata kupita 20. Yupo paka wa Texas, nchini Marekani, aliyeitwa Creme Puff, aliyezaliwa mwaka 1967 na kufa mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 38. Huyo ni wa pekee, lakini anatuonyesha kwamba paka kuishi miaka mingi si ajabu wala si dalili ya nguvu za giza.

Sasa, kwa nini paka mzee hulia? Wataalamu wa mifugo wanataja sababu kadhaa, na kila moja ina alama zake ambazo mwenye paka anaweza kuziona.

Ya kwanza ni uziwi. Paka asiyesikia hajui kuwa sauti yake imekuwa kubwa, hivyo hupaza mlio kama mzee asiyesikia vizuri anavyozungumza kwa sauti kubwa. Piga makofi ukiwa nyuma yake, mahali asipokuona. Asipogeuza hata sikio, huenda amepoteza usikivu.

Ya pili ni usahaulifu wa uzeeni. Ubongo wa paka huchakaa kama wa binadamu. Paka wa namna hii husimama kwenye kona akiukodolea macho ukuta, husahau mahali pa chakula, hujisaidia ndani ilhali hakuwa na tabia hiyo, na hugeuza usiku kuwa mchana. Anapozinduka gizani asijue yuko wapi, huita. Kilio kile hakibebi ujumbe mwingine wowote. Ni mnyama aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ya tatu ni ugonjwa wa tezi ya shingoni, iitwayo thairoidi. Tezi hii inapofanya kazi kupita kiasi, paka hula sana lakini hukonda, hahimili kutulia, moyo wake hudunda kwa kasi, na hulia usiku. Wengi wanapomwona paka anakula na kukonda hudhani ni minyoo tu, wakaishia hapo.

Ya nne ni maradhi ya figo pamoja na shinikizo la damu, ambayo mara nyingi huandamana. Paka mwenye figo dhaifu hunywa maji mengi na kukojoa sana. Shinikizo la damu likipanda mno, aweza kupofuka ghafla. Utamwona akigonga viti huku mboni za macho zikiwa zimepanuka hata kwenye mwanga wa jua.

Ya tano ni maumivu ya viungo, ya meno au ya mahali pengine. Paka aliyezoea kurukia dirishani akaacha kuruka huenda hajawa mvivu, bali anaumia.

Mwisho ni tamaa ya kujamiiana. Paka jike hafikii ukomo wa kuzaa kama mwanamke. Hata akiwa mzee, asipofungwa kizazi ataendelea kumwita dume, na dume asiyehasiwa atajibu. Hapa dawa ni kuhasi, baada ya mtaalamu kuhakikisha kuwa afya ya mnyama inaruhusu.

Ndugu wananchi, hapa naomba tusikilizane kwa makini, maana nazungumzia kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, licha ya jina lake, humpata paka pia, na mojawapo ya dalili zake ni sauti kubadilika. Tofauti kubwa iko katika mwendo wa mambo. Kilio cha uzee huja polepole, kwa majuma na miezi. Kichaa huja ghafla: paka mpole anakuwa mkali, au paka wa porini anakuwa mpole kupita kiasi, anatoa udenda, anashindwa kumeza, anapepesuka, na ndani ya siku chache anakufa. Paka aliyebadilika kwa ghafla namna hiyo msimshike, wala msimfungue mdomo kutazama kama amekwama mfupa. Wekeni watoto mbali naye, na mtoe taarifa kwa Afisa Mifugo.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama wa kutiliwa shaka, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona paka atakuwaje. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Lakini chanjo ikiwahi, humwokoa. Mnyama naye asiuawe na kutupwa haraka. Akiweza kufungiwa mahali salama, huangaliwa kwa siku 10, na akifa, mtaalamu huchukua sampuli kwa ajili ya maabara. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Iringa. Na kinga ni bora kuliko tiba: mbwa na paka wachanjwe kila mwaka.

Tukiliweka hilo pembeni, tufanye nini na paka mzee ambaye si mkali, bali analia tu usiku? Kabla ya kumwita mtaalamu, mchunguzeni kwa majuma mawili. Andikeni saa anazolia, kiasi cha maji anachokunywa, anavyokula na anavyojisaidia. Mwekeni ndani ya kikapu mumpime kwa mizani ya dukani, kisha mrudie baada ya majuma mawili. Karatasi hiyo ndogo itamsaidia Afisa Mifugo kuliko maelezo marefu, kwa sababu paka hawezi kujieleza.

Nyumbani pia yapo mengi ya kufanya, na mengi hayana gharama. Msihamishe hamisha mahali pake pa kulala wala pa kulia chakula, maana paka msahaulifu huongozwa na mazoea. Acheni taa ndogo ya sola iwake usiku karibu na malazi yake. Mtandikieni gunia kavu au nguo kuukuu mahali pasipo na upepo, hasa mwezi Juni na Julai, baridi inapozidisha maumivu ya viungo. Maji yawekwe mahali pawili au patatu, wala asinyimwe maji ili asikojoe, kwani mwenye figo dhaifu akikosa maji huzidiwa upesi. Boksi lenye kingo fupi lililojazwa mchanga au pumba za mpunga litamfaa kwa kujisaidia ndani usiku. Mpeni chakula kidogo kabla hamjalala, na mchana asiachwe alale kutwa nzima. Mtoto amchezeshe kwa kamba kidogo jioni. Anapolia usiku, mwiteni kwa upole au mguseni atambue mlipo. Lakini msimpe chakula kila anapolia, maana atajifunza kulia ili ale.

Yapo pia mambo ya kuyaepuka kabisa. Msimpe paka vidonge vya parasetamoli, hivi tunavyoviita panadoli. Mwili wa paka hauwezi kuisafisha dawa hiyo. Hata kidonge kimoja chaweza kumwua, tena kwa mateso, huku damu ikishindwa kubeba hewa. Wala msimpe dawa za usingizi za binadamu. Msitege sumu ya panya ovyo ghalani, kwa sababu paka mzee hushindwa kukimbiza panya mzima, akamla yule aliyekwisha kula sumu. Msimpige, kwa kuwa kipigo humwongezea hofu, na hofu humwongezea kilio. Na msimtupe kando ya barabara kuu usiku mkitegemea malori yamalize kazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlinde dhidi ya njaa, kiu, maumivu na mateso. Baadhi ya maradhi niliyoyataja hayaponi, lakini hutulizwa. Na pale ambapo hayatuliziki, mtaalamu ndiye mwenye njia ya kumpumzisha mnyama bila mateso.

Sasa nije kwenye lile nililosema ni kubwa. Paka mzee mara nyingi huishi na mtu mzee. Watoto wamehamia mjini, mwenza ametangulia mbele ya haki, na amebaki mama peke yake na paka wake. Usiku paka analia, jirani anageuka kitandani, na asubuhi maneno yanaanza kisimani. Siku hiyo hiyo mtoto wa mtu akipata homa, maneno yanageuka kuwa tuhuma. Ndugu zangu, nchi yetu imeshawazika wazee wengi kwa njia hiyo. Mwaka baada ya mwaka, ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeeleza mauaji yatokanayo na imani za kishirikina, na wengi wa waliouawa ni wanawake wazee. Waliwahi kunyooshewa kidole kwa sababu ya macho mekundu, ilhali mekundu yale yalitokana na moshi wa jikoni wa miaka yote waliyotupikia. Tusiongeze sababu nyingine ya paka mwenye tezi iliyovimba.

Kwa hiyo nawaomba majirani: mkisikia paka analia kwa bibi yule, nendeni asubuhi mkabishe hodi. Mwamkieni, mwulizeni kama amelala vizuri, maana yeye ndiye aliyekosa usingizi zaidi yenu. Mpeni kijana amsaidie kumbeba paka hadi kwa Afisa Mifugo. Na mwenye paka naye awaeleze majirani mapema kwamba mnyama wake ni mgonjwa na anatibiwa. Neno hilo moja huzima maneno mia. Palipo na tuhuma, Mwenyekiti wa Kitongoji na Mtendaji wa Kijiji wapewe taarifa mara moja, kabla kundi la watu halijakusanyika. Kujichukulia sheria mkononi ni jinai.

Afisa Mifugo wa Kata yupo kwa ajili ya ng'ombe na kuku, na yupo pia kwa ajili ya paka. Msione haya kumfuata. Ratiba ya chanjo ya mbwa na paka itabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji. Mkiiona, waambieni na wasiojua kusoma, na anzeni na nyumba za wazee.

 Sasa namkaribisha Afisa Mifugo ajibu maswali yenu.