Vita Vilivyolipiwa kwa Kasumba

Neno kasumba limezoeleka katika Kiswahili kwa maana ya fikra zilizopumbazwa, na wanasiasa walipenda sana kuilaani "kasumba ya kikoloni". Mazungumzo ya leo yanahusu kasumba yenyewe, yaani afyuni, utomvu mchungu unaogemwa katika tumba la mpopi, na jinsi biashara yake, na baadaye ya dawa nyingine za kulevya, ilivyolipia vita ambavyo hazina za serikali hazikuweza, au hazikuruhusiwa, kuvilipia.

Kisa kilicho wazi kuliko vyote ni cha Indochina. Tangu mwisho wa karne ya 19, serikali ya kikoloni ya Ufaransa ilikuwa yenyewe muuzaji wa afyuni katika koloni hilo. Iliinunua, ikaipika, ikaiuza kwa leseni, na mapato yakaingia hazina bila kificho. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Paris ikatangaza kuufunga ukiritimba huo. Lakini mapigano dhidi ya Viet Minh yalizidi kupamba moto, na maofisa wa ujasusi wakajikuta wana kazi kubwa na mfuko mtupu. Kati ya mwaka 1951 na 1954, biashara iliyofungiwa mlango wa mbele ikafunguliwa uani. Mpango huo uliitwa Operesheni X.

Utaratibu wake haukuwa mgumu. Wahmong wa milima ya Laos walikuwa wakilima mpopi tangu zamani, na Viet Minh nao waliiwania afyuni hiyo ili wanunulie silaha. Meja Roger Trinquier, aliyeongoza makomando wa siri wa Kifaransa, akawatangulia kwa kuinunua kupitia kwa viongozi wa Wahmong wenyewe. Ndege za kijeshi ziliisafirisha hadi Cap Saint-Jacques, kwenye mwambao wa kusini, kisha malori yakaifikisha Saigon mikononi mwa Binh Xuyen, genge la maharamia wa mtoni lililogeuzwa kuwa mgambo chini ya Bay Vien. Genge likaipika na kuisambaza katika majumba ya wavutaji, likachukua fungu lake, na faida iliyosalia ikarudi kuwalipa wapiganaji wa milimani. Mkulima alipata bei, jasusi akapata jeshi, na mvutaji wa Saigon akalipia vyote viwili bila kujua.

Mwanahistoria wa Kimarekani Alfred McCoy, aliyewahi kuzungumza na Trinquier mwenyewe, anaeleza gharama ambayo haikuingizwa katika hesabu hizo. Kaskazini-magharibi mwa Vietnam, mshirika wa Wafaransa, Deo Van Long, mtawala wa kabila la Tai, aliwapunja Wahmong wa eneo lake bei ya afyuni mwaka hadi mwaka. Mwaka 1954, ngome ya Dien Bien Phu ilipozingirwa, wenyeji wa milima ile hawakuona sababu ya kuwafia Wafaransa, na baadhi yao wakawasaidia Viet Minh. Ngome ilianguka tarehe 7 Mei. Nao Binh Xuyen, ambao kwa wakati huo walikuwa wamekabidhiwa hata polisi ya Saigon, mwaka uliofuata walipambana na jeshi la Waziri Mkuu Ngo Dinh Diem katika mitaa ya mji, na makazi ya raia yakateketea.

Marekani, iliyorithi vita hivyo, baadaye ilikuwa na vita vyake vya siri huko Nicaragua. Bunge lake lilipokata msaada wa kijeshi kwa waasi wa Contra mwaka 1984, waliowaunga mkono walitafuta njia nyingine. Ripoti ya kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na John Kerry, ya mwaka 1989, ilionyesha kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ililipa zaidi ya dola 806,000 kwa kampuni nne zilizomilikiwa au kuendeshwa na walanguzi wa dawa za kulevya, ili zipeleke misaada ya kibinadamu kwa waasi hao.

Lakini waraka wa kushangaza zaidi ni wa mwaka 1982. Mwanasheria Mkuu William French Smith na Mkurugenzi wa CIA, William Casey, waliafikiana ni makosa gani ambayo shirika lililazimika kuyaripoti iwapo yangetendwa na watu linaowatumia bila kuwaajiri. Biashara ya dawa za kulevya haikuwamo katika orodha hiyo, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1995. Mkaguzi Mkuu wa CIA, Frederick Hitz, aliwaambia wabunge mwezi Machi 1998 kwamba shirika halikuharakisha kuvunja uhusiano na watu waliotuhumiwa kwa biashara hiyo. Uchunguzi wake haukupata ushahidi kwamba CIA ilikula njama ya kuingiza kokeini Marekani. Haki yao wapewe. Hata hivyo, mlanguzi hahitaji mshirika anayeuza pamoja naye. Humtosha yule asiyeuliza ndani ya ndege mna nini.

Afghanistan nayo, makamanda kadhaa waliopigana na Wasovieti katika miaka ya 1980 walijitunisha kwa afyuni, na nchi hiyo ikaja kuwa mzalishaji mkuu duniani. Baada ya Taliban kupiga marufuku kilimo hicho mwaka 2022, mavuno, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, yalishuka kutoka tani 6,200 hadi 333 mwaka uliofuata. Nafasi ya kwanza ikachukuliwa na Myanmar, hasa milima ya Shan, kule kule ambako katika miaka ya 1950 majeshi ya Jenerali Li Mi, yaliyoshindwa China na kusaidiwa na CIA, yalikistawisha kilimo hicho.

Heroini ya Afghanistan ilishafika pwani ya Afrika Mashariki, ikipakiwa majahazini katika mwambao wa Makran. Mwezi Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya kilo 1,000 katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Huko mitaani huitwa unga, na wanaoutumia huitwa mateja. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwatibu kwa methadoni mwezi Februari 2011, dawa ambayo wakati huo mgonjwa aliifuata kliniki kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu.