Mistari Miwili Maji Yakichemka

Mazungumzo mbele ya wanakisomo, kijiji kimoja karibu na Tabora

 

Tumeombwa tuseme habari ya kufuma. Sisi ni wanawake kumi na mmoja, na mzee mmoja ambaye habari zake mtazisikia baadaye. Wengi wetu tulijifunza kusoma tukiwa tumeshazaa. Hatukuja kuwafundisha biashara. Tunasema mapema, maana tunaona wengine wameshatoa daftari waandike bei. Tumekuja kusema juu ya kazi ndogo ndogo za uzi, zile unazofuma nyumbani ukipata nafasi kidogo, na kwa nini sisi tunazipenda.

Nafasi kidogo ndiyo ipi? Akina mama watasema, sisi hatuna nafasi. Ni kweli. Unaamka kabla ya jua, unalala wa mwisho. Saa nzima iliyo tupu huipati. Lakini tazama vizuri siku yako. Unateleka maji ya ugali, yanachelewa kuchemka. Unampeleka mtoto kliniki, unakuta foleni. Kisimani ndoo yako ni ya tisa. Unakaa stesheni Tabora unangoja treni ya Mwanza au ya Kigoma. Wakati wa tumbaku mtu anakesha kwenye bani: anachochea moto, anakaa, anachochea tena, mpaka kunapambazuka. Dakika kama hizo ni chache mno kwa kulima, lakini zinatosha kufuma mistari miwili. Leo mistari miwili, kesho minne. Wiki mbili zikipita una kofia ya mtoto mkononi, na hukumbuki uliifuma saa ngapi.

Watu wa Pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwanamke anasuka ukili huku anaongea na jirani. Akiitwa anauweka chini, akirudi anauchukua. Ukili ukishakuwa mrefu, anaushona mkeka. Hakuna siku aliyosema, "Leo nasuka mkeka." Mkeka umekuja wenyewe, katikati ya mambo mengine.

Sisi tulianza hivyo hivyo. Halafu tukakosea. Turuhusuni tuwaeleze, maana hapo ndipo tulipojifunza.

Alikuja mtu mmoja wa mjini. Akaona vitambaa vyetu na soksi za watoto, akasifu. Akasema, "Mama zangu, mnapoteza kipaji. Nifumieni sweta 40 za wanafunzi, nitawalipa." Tukafurahi sana. Tukachanga fedha, tukanunua uzi wa bluu. Tukagawana kazi. Basi kuanzia siku hiyo hatukufuma tena kwa nafasi. Tulifuma kwa tarehe. Mahindi yakaingia magugu. Usiku tulifuma kwa koroboi, macho yanauma, moshi puani. Mtoto akilia tunamfokea. Mume mmoja alimwuliza mkewe, "Wewe umeolewa na mimi au na sindano?" Tulicheka siku ile, lakini yeye mwenyewe mwanamke hakucheka.

Uzi ukaisha katikati. Tukanunua mwingine, dukani pale pale, rangi ile ile ya bluu. Kumbe siyo ile ile. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja halifanani kabisa na lingine. Ukiutazama mkononi huoni tofauti. Ukiufuma, sweta inakuwa na kifua cha bluu na mikono ya bluu nyingine. Sikilizeni vizuri hapo, enyi mnaopenda kufuma: uzi wa kazi moja nunua wote siku moja.

Tarehe ilipofika tulikuwa na sweta 26. Yule mtu akachagua 14, akalipa hizo, nyingine 12 akazikataa. Tulipopiga hesabu, kila mmoja alipata fedha pungufu ya zile alizochanga. Fedha zilituuma, lakini kilichotuuma zaidi ni kwamba tulichukia uzi. Mwenzetu mmoja alichomeka sindano zake kwenye nyasi za paa, akasema hataki kuziona. Zilikaa huko karibu mwaka mzima.

Hatusemi kwamba kufuma kwa biashara ni vibaya. Wapo wanaoweza. Mwenye mashine ya kufumia sweta anaweza. Lakini sisi tulichukua kazi ya kupumzika tukaifanya jembe la pili. Tena sweta za mitumba zipo gulioni kwa bei ndogo. Utashindana nazo kwa sindano mbili na koroboi?

Sasa tuwaambie zile sindano za kwenye paa zilishukaje.

Tabora yetu iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mnaijua baridi ya usiku wa mwezi wa sita na wa saba. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mwenzetu mmoja alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa mdogo sana, ngozi imemlegea. Muuguzi akamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akamfunika. Akatueleza kwamba mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto jingi hutokea hapo. Akasema, "Leteni kofia." Kofia haikuwepo. Wanawake kumi na mmoja wenye sindano, kofia ya mtoto hatuna hata moja!

Yule mwenzetu akapanda paani, akazichomoa sindano. Akachukua sweta moja kati ya zile zilizokataliwa, akaifumua mkono. Alifuma kutwa nzima bila kusema neno. Jioni kofia ikafika.

Hatutasema kofia ndiyo iliyomponya mtoto. Kifua cha mama yake, maziwa, na wauguzi, hao ndio waliofanya kazi kubwa. Kofia ilisaidia sehemu yake. Mtoto mwenyewe ni yule pale anayefukuza kuku wa mwenyekiti.

Tangu siku ile zile sweta 12 tulizifumua zote, moja moja. Zikawa kofia, soksi, na vipande vya mraba tulivyoviunga kuwa blanketi. Hakuna tarehe. Anayechoka anaweka chini. Na furaha ikarudi. Ni furaha gani? Ni vigumu kuieleza kwa asiyefuma. Vitanzi vinapangana sawasawa kwenye sindano, kitu kinakua mkononi mwako, na hakuna wa kukuharakisha. Mwenzetu mmoja aliyefiwa na mumewe anasema kwamba akihesabu vitanzi, kichwa kinatulia. Akifika arobaini hawazi kitu kingine ila arobaini na moja.

Sasa mzee wetu. Alikuwa akikesha kwenye bani la mwanawe, akamwona mkwe wake anafuma karibu na moto. Usiku wa tatu akasema, "Hebu nionyeshe." Habari ilipoenea, vijana wakamcheka. Mwanaume anafuma! Mzee akaona haya, akataka kuacha. Sisi tukamsomea habari tulizozipata kitabuni, na leo tunawasomea ninyi pia.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapa Tabora, wakati ule wakipaita Kaze. Walikuta Unyamwezi kuna watu wanaofuma nguo za pamba kwa kitanda cha mfumi. Kwa majirani zetu Wafipa, kufuma nguo ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini tayari nguo za ng'ambo zilikuwa zinaingia kwa wingi: merikani, ile nguo ngumu isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani, na kaniki. Nguo hizo zilikuwa ndizo fedha. Msafara ulinunua chakula kwa nguo, ukalipa hongo ya njia kwa nguo. Na nani alizibeba? Babu zetu. Mzigo wa kilo 30 hivi begani, kutoka Bagamoyo mpaka hapa, mwendo wa miezi karibu mitatu. Wengine wakaendelea nazo mpaka Ujiji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi katika njia ile ikaisha. Kitanda cha mfumi nacho hukioni tena.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe babu alibeba nguo za watu, za kwake akaacha kufuma." Akachukua sindano zake.

Tukamwongezea na hii. Huko Peru, bara la Amerika ya Kusini, kuna kisiwa kinaitwa Taquile katika ziwa Titicaca. Huko kofia za sufu hufumwa na wanaume, na wavulana huanza kujifunza wakiwa wadogo. Kwa hiyo vijana wetu wanaocheka, wacheke tu. Wakikesha banini watajua.

Haya, kazi yenyewe. Tutaeleza kofia moja tu, ya mtoto mchanga.

Sindano za dukani si lazima. Tunatumia spoku za baiskeli. Tafuta spoku mbili za zamani zilizonyooka. Upande wenye kichwa kilichopinda uache, unazuia vitanzi visichomoke. Upande wa pili usugue kwenye jiwe mpaka ncha iwe laini, isikwaruze uzi. Zioshe kutu yote itoke.

Uzi je? Nenda gulioni, tafuta sweta ya mitumba ya uzi laini. Kwanza igeuze, utazame maungio kwa ndani. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi ndipo zikashonwa, iache, maana ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi. Kama kila kipande kimefumwa na ukingo wake mzima, inunue. Fungua maungio, anza kufumua juu. Uzi utatoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pawili ili usivurugike, uutoe, uuloweshe majini. Kisha utundike na jiwe dogo chini yake. Ukikauka umenyooka. Zungusha donge.

Sasa hesabu. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofaa, kwa hiyo toeni madaftari sasa. Fuma kipande kidogo cha kujaribu. Pima kwa rula: sentimita 2 zina vitanzi vingapi? Sisi kwa spoku na uzi mwembamba tunapata 5. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake ni kama sentimita 35 kuzunguka. Kofia huvutika, kwa hiyo tunafuma ya sentimita 32. Katika 32 zimo mbili ngapi? Ni 16. Na 16 mara 5 ni 80. Basi anza na vitanzi 80. Wewe ukipata 4 katika sentimita 2, utaanza na vitanzi vingapi? Msimwulize mwalimu. Pigeni wenyewe.

Fuma moja kwa moja mpaka kipande kifike sentimita 12. Halafu mstari mmoja unafuma vitanzi viwili pamoja, viwili pamoja, mpaka mwisho. Vitabaki 40. Fuma mstari mmoja wa kawaida. Kisha tena viwili pamoja. Vitabaki 20. Kata uzi, acha mkia mrefu, upitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote 20, uvute kama unavyofunga mdomo wa mfuko. Kwa mkia huo huo shona ubavu. Kofia tayari. Mtoto akiwa mdogo zaidi, punguza vitanzi vya kuanzia.

Mambo machache ya kuangalia. Usitie kamba ndefu ya kufunga shingoni, wala vifungo, mtoto atavitia mdomoni. Soksi zisibane mguu. Ndani ya soksi kata nyuzi zote zinazoning'inia, maana uzi unaweza kuzunguka kidole cha mtoto na kukikaza. Fua kofia kabla ya kuivaa mtoto yeyote. Na mchana, jua la Tabora likiwa kali, mvue.

Ukikosea, fumua. Mzee wetu kofia yake ya kwanza aliifumua mara sita. Uzi haukulalamika.

Leo tumekuja na madonge tisa na jozi saba za spoku. Nyie ni wengi, tunaona. Kaeni wawili wawili. Mmoja afume mistari miwili, ampe mwenzake. Na yule aliyeteleka maji kwa ajili ya chai ya wageni, akayaangalie.