Maji ni Amana: Mazingatio ya Bahari ya Aral

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia kila nchi majira yake na kila kiumbe riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na wote wanaoufuata uongofu wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, tunakuusieni, pamoja na kuziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tunapenda kuzungumza juu ya neema ya maji. Mazingatio yetu tutayatoa katika nchi iliyo mbali na kila bahari kuu, katikati ya bara la Asia, ambako Uislamu uliingia tangu karne za mwanzo. Ndiko Khwarazm ya zamani, alikozaliwa mwanachuoni Al-Biruni mwaka 973, na ambayo sasa imo katika Uzbekistan na nchi jirani zake.

Sisi wa Afrika Mashariki huyahesabu majira kwa pepo na mvua: kaskazi na kusi, masika na vuli. Watu wa huko huyahesabu kwa theluji na jua. Wakati wa baridi kali maji huganda yakawa barafu, na ardhi hulala. Hufuata majira ya kuchipua, kisha kiangazi ambacho joto lake laweza kupita digrii 40, kisha majani hupukutika na baridi hurejea. Mvua ya tambarare zile ni haba. Lakini Mwenyezi Mungu, kwa hekima yake, ameifanya milima mirefu ya Pamir na Tian Shan kuwa ghala. Theluji hujilimbika huko wakati wa baridi, nayo huyeyuka jua linapokuwa kali, mkulima anapoyahitaji maji kuliko wakati wowote mwingine.

Maji hayo huteremka kwa mito miwili mikubwa, Amu Darya na Sir Darya, ambayo Waarabu wa zamani waliiita Jayhun na Sayhun. Kwa karne nyingi watu walichimba mifereji, wakalima ngano, matunda na pamba, na maji yaliyobaki yakaishia katika ziwa kubwa liitwalo Bahari ya Aral. Mwaka 1960 ziwa hilo lilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani, likikaribiana na Ziwa Victoria letu. Wavuvi walipata riziki humo, na katika mji wa Moynaq palikuwa na kiwanda kikubwa cha kutia samaki makoponi.

Tena ziwa lile lilikuwa kinga. Maji mengi hupata joto polepole na hulipoteza polepole. Kwa hiyo yalipunguza ukali wa kiangazi na makali ya baridi kwa wale waliokaa kandokando yake.

Nini basi kilichotokea? Watawala wa Muungano wa Sovieti waliazimia kupanua mno kilimo cha pamba. Wakachimba mifereji mipya mirefu. Ule wa Karakum ulianza kuchimbwa mwaka 1954. Sehemu kubwa ya maji ilinywewa na mchanga njiani kabla ya kufika shambani. Tangu miaka ya 1960 maji yaliyofika ziwani yakawa yanapungua mwaka hata mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ziwa lilikuwa limegawanyika sehemu mbili, ya kaskazini na ya kusini. Chumvi ilizidi, samaki wakafa, na uvuvi ukakoma. Mashua za Moynaq zikabaki zimelala juu ya mchanga, na pwani ikawa mbali hata isionekane kwa macho. Mwaka 2014 bonde la mashariki la sehemu ya kusini lilikauka lote. Upepo huchukua kutoka sakafu ile vumbi lenye chumvi na mabaki ya dawa za mashamba, ukaliangusha juu ya makonde na vifuani mwa watu. Na kwa kuwa kinga imeondoka, majira yenyewe yamebadilika: kiangazi kimezidi joto, na baridi imezidi ukali.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, zingatieni. Milima haikuacha kupokea theluji, wala mito haikukataa kuteremka. Pamba nayo ni halali, na kilimo ni kazi yenye heri. Msiba ulitokana na jambo lililo jema lilipopitishwa mpaka wake. Hiyo ndiyo israfu, na israfu haingoji mpaka tutende la haramu. Huingia hata katika halali.

Ndiyo maana Mtume wetu (S.A.W.) alimkanya Saad alipomwona akimwaga maji kwa wingi katika udhu, akamfahamisha kwamba israfu ni israfu hata mtu awapo penye mto unaopita. Naye mwenyewe alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kinachokaribia kibaba chetu. Basi na tujiulize: bomba la msikiti wetu linapoachwa wazi huku tukizungumza, ni vibaba vingapi vinavyopotea? Na ikiwa israfu imekatazwa katika ibada, itakuwaje katika biashara na katika anasa?

Hata hivyo, mlango wa matengenezo haukufungwa. Mwaka 2005, katika Kazakhstan, ulikamilishwa ukuta wa kuzuia maji ya sehemu ya kaskazini yasipotee kusini. Maji yakapanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi, na wavuvi wakarudi kazini. Sehemu ya kusini haijapona, lakini watu wanapanda miti ya jangwani iitwayo saksauli juu ya sakafu kavu ili kulizuia vumbi. Hili latufunza kwamba toba ya aliyeharibu kitu cha watu haitimii kwa ulimi peke yake, bali pia kwa mkono unaotengeneza. Na kwamba vingine vikishaharibiwa havirudi vyote.

Nanyi wanafunzi, someni elimu ya mito, udongo na majira, kama alivyofanya Al-Biruni, kwani asiyeijua mizani ataivunja bila ya kujua. Nanyi wazazi, wafundisheni watoto kufunga bomba kama mnavyowafundisha kutia nia ya udhu. Mito yetu, visima vyetu na maziwa yetu ni amana. Tumeipokea kutoka kwa waliotutangulia, na wapo watakaotudai.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru kwa vitendo, utuepushe na israfu, na uwarehemu ndugu zetu waliopatwa na kiu na vumbi. Amin. Wabillahi taufiki.