Kinanda Kinaponyamaza: Somo juu ya Majira ya Mwaka wa Eklezya



Kila mwaka, Jumatano ya Majivu ikipita, tunasikia maulizo yale yale vijijini. Ngoma zimewekwa pembeni, na watu husema: «Mbona tumenyang'anywa furaha yetu? Je, Mungu hapendi tena kusifiwa?» Wengine huacha hata kuja Misa mpaka Pasaka. Jambo hilo ni zito, kwa kuwa roho zao zakosa chakula siku arobaini. Leo basi tutawajibu kwa habari za chombo kimoja cha kale, ndicho kinanda kikubwa cha makanisa ya Ulaya.

Kinanda hicho si kidogo cha kubebwa mkononi. Kina mabomba mamia, pengine maelfu, mengine ya mti, mengine ya bati iliyochanganywa na risasi. Bomba refu lapita kimo cha watu wawili. Lililo fupi halipiti kidole. Hapo kale watu waliendesha mivukuto, mfano wa ile ya mhunzi lakini mikubwa sana, ili upepo uingie mabombani. Mpiga kinanda, kwa vidole na kwa miguu, huufungulia upepo njia, na kila bomba hutoa sauti yake. Chombo hicho chaweza kutetemesha kuta za kanisa. Je, ni nani akiamuruye kusema au kunyamaza?

Ni Eklezya. Mwaka 1600 Baba Mtakatifu Klementi wa 8 alitoa kitabu cha taratibu za ibada za maaskofu. Kiliagiza kwamba kinanda kinyamaze Dominika za Majilio na za Kwaresima, isipokuwa Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, ambazo ni Dominika za furaha. Alhamisi Kuu kilipigwa wakati wa Utukufu, kisha kikanyamaza mpaka Utukufu wa Misa ya Jumamosi Kuu.

Majira mengine kilisema, lakini kila siku kwa namna yake. Girolamo Frescobaldi, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, mwaka 1635 alitoa kitabu alichokiita Maua ya Muziki. Mna Misa tatu: ya Dominika, ya Mitume, na ya Bikira Maria. Kwa ajili ya saa padri anapoinua Hostia aliandika muziki wa polepole, watu wapate kuabudu. Nchini Ufaransa Nicolas de Grigny, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Reims, alitoa kitabu chake mwaka 1699. Mna nyimbo za Noeli, za Pentekoste, za Sakramentu Takatifu na za Bikira Maria. Waimbaji waliimba ubeti mmoja, kinanda kikajibu ubeti wa pili, kama mwimbishaji na waitikiaji wake. Hivyo hata mtu asiyejua kusoma aliyatambua majira ya Eklezya kwa masikio yake.

Twajifunza nini? Anayeshiba daima hajui utamu wa chakula. Katika Kwaresima tumbo hufunga, na masikio nayo hufunga. Kinanda kilichonyamaza hakikufa. Kinamngoja Bwana pamoja nasi.

Siku hizi amri ni laini kidogo. Katika Majilio kinanda na vyombo vingine hutumiwa kwa kiasi. Katika Kwaresima hutumiwa kwa kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Angalieni: amri yataja vyombo vyote. Ngoma ya kanisa letu la majani iko chini ya sheria ile ile inayokiamuru kinanda cha Roma. Hatukunyang'anywa kitu, tumehesabiwa pamoja na Eklezya yote.

Kwa hiyo njoni Misa katika Kwaresima. Ngoma ikitegemeza wimbo, ipigwe kwa upole, wala isipigwe kwa kujionyesha. Sauti ya mtu imwombe Mungu huruma. Na usiku wa Pasaka, Utukufu ukianza, mpigeni Mungu ngoma kwa nguvu zote, kwa maana Bwana amefufuka.

Maulizo ya kukumbuka:

Kwa nini vyombo hupunguzwa katika Kwaresima? — Ili masikio yafunge, na roho ingojee Pasaka.

Je, kunyamaza ni kuacha kumsifu Mungu? — Sivyo. Kunyamaza kwa utii ni sifa pia.

Mwenye kanisa lisilo na kinanda amepungukiwa? — Hakupungukiwa, akiyafuata majira ya Eklezya kwa moyo na kwa sauti yake.

Mungu awabariki, nanyi mkae na amani yake.